Kilo 101, mlima wa Mwanga na dumu la maji: uzi wa wenye vitambi wa Kigoma

#1 Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo na mimi nimevuta kigoda. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Niko Kigoma mjini, miaka 32, mke mmoja, watoto wawili, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mwezi wa nane mwaka jana nilipanda mzani wa duka moja la dawa Mwanga, ukasoma 101. Nikashuka, nikatoa simu, funguo na waleti, nikapanda tena. 101. Binti wa dukani akasema, "Kaka, vua na mkanda," wateja wote wakacheka. Urefu wangu ni mita 1 na sentimita 71. Ukigawanya uzito kwa urefu mara urefu unapata 34 na ushee, na kuanzia 30 watu wa afya hawasemi tena umenawiri.

Lakini sitawadanganya kwamba mzani ndio ulioniamsha. Mzani niliusahau siku ile ile kwenye sahani ya migebuka. Kilichoniamsha ni msiba. Tulikuwa tunazika huko Mwandiga, mzee wa jirani yetu. Mnajua jeneza linavyobebwa, watu wanapokezana mabega. Nikaingia mbele kulia kwa mbwembwe zote. Njia inapanda kidogo tu. Hatua hazikufika hamsini kifua kinawaka, magoti yanatetemeka, nikaomba kupokewa. Nikatoka pembeni nikakaa kwenye majani, watu wakauacha msafara wakaja kunipepea kwa kofia. Mzee mmoja akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo makaburi mazima yaliisikia: "Na huyu naye tumbebe leo leo?"

Usiku ule sikulala. Mimi ni mtu niliyepita kambi ya JKT Bulombora kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Nimetambaa chini ya waya, nimeruka ukuta, nimekimbia mchakamchaka nikiimba. Jeneza la mzee aliyekonda kwa maradhi likanishinda.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikatoka. Alfajiri kwa sababu sikutaka kuonekana. Wageni hawalijui hili: Kigoma jua linachelewa. Saa tunatumia moja na Dar lakini sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi huku bado giza, jua linatoka kwenye saa moja. Giza la kuficha aibu lipo la kutosha. Nikaanzia stesheni, pale mwisho wa reli, nikaukata mlima wa kwenda Mwanga kwa mwendo wa Bulombora. Nusu ya mlima sikufika. Nilishika nguzo ya umeme, chai yote ya usiku ikarudi, na mbwa wawili wakaja kunitazama.

Nikaendelea hivyo hivyo kwa ubishi kila siku. Siku ya kumi na moja ugoko wa mguu wa kulia ukawa unauma hata nikishuka kitandani. Nikaacha. Kitambi kilibaki palepale.

Nakuja na sehemu ya pili.

#2 Mdau wa Gungu

Uzi bila picha ni batili. Weka ya kitambi na ya sasa.

#3 Kijana wa Katubuka

Naweka kambi. Ila mkuu usije ukaukimbia uzi kama ulivyolikimbia jeneza.

#4 Mleta uzi

Hahaha. Picha hapana. Kigoma ndogo hii, kesho naenda kununua dagaa Kibirizi wanipunguzie bei kwa huruma.

Tuendelee. Nilikaa wiki tatu bila kufanya kitu. Jirani yangu mmoja, aliwahi kufundisha michezo shuleni, akaniuliza kilichonipata. Nikamweleza. Akasema, "Wewe hukukimbia, ulikuwa unafukuzwa. Na aliyekuwa anakufukuza hayupo."

Utaratibu alionipa ulinitia aibu kwa wepesi wake. Kukimbia dakika moja, kutembea mbili, mara nane, basi, rudi nyumbani. Siku tatu kwa wiki, kati yake siku ya kupumzika. Mwendo wa kukimbia uwe ule ambao naweza kumsimulia mtu mechi ya jana bila kukata sentensi. Nikishindwa kuongea, nimezidisha. Na mlima marufuku mpaka aseme yeye. Kwa hiyo nikawa natumia barabara ya Ujiji, sehemu zile zilizo tambarare, tena jioni, kwa sababu jioni huku mwanga upo mpaka saa moja.

Jioni ndipo kwenye mtihani. Watoto wanakukimbilia nyuma wakiimba. Bodaboda anapunguza mwendo anakuuliza, "Bosi, gari limekufa?" Mwanamama mmoja wa mihogo ya kukaanga alikuwa kila nikipita anasema pole. Sio kwa kejeli, kwa dhati kabisa. Pole baba. Nilizoea kila kitu isipokuwa ile pole.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekisema: mapaja. Mnene akikimbia mapaja yanasuguana, siku ya pili unatembea kama umetoka jandoni. Nunua skintaiti ya kuvaa ndani ya bukta na upake mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Ushauri huu peke yake unatosha kuwa uzi.

Viatu nilipata mtumbani, raba ya elfu ishirini na tano. Ishike kisigino na ncha, ikunje. Ikikunjika pale vidole vinapokunjikia ni nzima. Ikikunjika katikati kama chapati, iache. Na ibonyeze soli kwa kidole gumba, kama imekuwa ngumu kama tairi haijalishi inang'aa vipi. Ikubane kidogo kisigino, mbele ikuachie nafasi ya unene wa kidole.

Dakika zikaongezeka polepole. Wiki ya saba nilikimbia dakika kumi mfululizo, ugoko kimya. Nikaenda kwenye ule mzani nikiwa nimevimba kichwa.

100.4.

Wiki saba, gramu mia sita. Nilitaka kuuvunja.

#5 Mdau wa Gungu

Mzani wa duka la dawa hauna makosa mkuu, una chuki tu.

#6 Nesi wa Kata

Mleta uzi, kabla hujaendelea naomba niingilie, maana watu watasoma hapa na kesho watakimbilia barabarani.

Moja. Mwenye presha, mwenye sukari, aliyewahi kusikia kifua kubana, na yeyote aliyevuka miaka arobaini ambaye hajawahi kupimwa, apite kwanza kituo cha afya. Kupima presha ni dakika tano. Mnaotumia dawa za sukari ndio hasa: mazoezi yanashusha sukari, na dawa nayo inashusha, mtu anaweza kuanguka njiani watu wakasema amelewa. Tembea na kitu cha sukari mfukoni na mtu anayejua hali yako.

Pili, huo ugoko. Maumivu yaliyosambaa kwenye mfupa wa mbele, yanayokuja ukianza kukimbia na kupungua ukipumzika, mara nyingi ni matokeo ya kuuzidishia mguu mzigo haraka. Punguza, utapona. Lakini kama unaweza kuweka ncha ya kidole kimoja ukasema "ni hapa tu", na panauma hata usiku ukiwa umelala, hapo usikimbie tena, nenda ukapigwe picha. Mfupa unaweza kuwa na ufa mdogo. Nimeona kijana aliyeubishia mwezi mzima.

Tatu, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu yake yakiwa makali, na siku mbili za mazoezi ya nguvu. Kutembea haraka kunahesabika. Watu wanadharau sana kutembea.

#7 Mleta uzi

Asante sana sista. Hilo la siku mbili za nguvu ndilo nilikuwa nalielekea, lakini ngoja nimalize habari ya 100.4.

Jirani yangu mwalimu alinikalisha na karatasi. Kwa makadirio, mtu anatumia kama kalori moja kwa kila kilo yake kwa kila kilomita anayokimbia. Mimi kilo mia, kilomita nne, ni kama kalori 400. Mara tatu kwa wiki, 1,200. Kilo moja ya mafuta mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa hiyo hata kama nisingeongeza tonge moja, kilo moja ingenichukua zaidi ya wiki sita. Na mimi nilikuwa nimeongeza! Kila nikitoka kukimbia nilijipongeza kwa soda baridi ya chupa na chapati mbili kwa sababu "nimefanya kazi". Soda ya mililita 350 pekee ina sukari karibu gramu 35 hadi 40. Nilikuwa nalipa deni kwa mkono wa kulia nakopa kwa wa kushoto, tena duka lile lile.

Soda nikaikata. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, wiki mbili za kichwa kuuma kidogo na hasira. Mawese ndiyo yaliyoleta kikao cha familia. Wa Kigoma mnanielewa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta yoyote, yawe mawese au alizeti, ni kama kalori 120, na kwetu mafuta hayamiminwi kwa kijiko, yanamiminwa mpaka mpishi aridhike. Nilipomwomba mama watoto tupime akanijibu, "Mawese ya kwetu si dawa ya kikohozi." Tukakubaliana dagaa wa kukaanga iwe mara moja kwa wiki, siku nyingine wachemshwe na nyanya na mafuta kidogo yawekwe mwishoni kwa ajili ya harufu. Ugali wa muhogo nikapunguza kipande kimoja cha ukubwa wa ngumi. Sikuacha kitu chochote kabisa zaidi ya soda. Wanaokwambia uache ugali hawajawahi kukaa ukweni.

Krismasi nilikuwa 95.

#8 Bi Mkubwa wa Ujiji

Mimi nina swali la upande wetu. Nina kilo 88, niko Ujiji, navaa dira na mtandio, mume wangu hana neno. Ila nikikimbia njiani maneno ninayosikia siwezi kuyaandika hapa. Nifanyeje? Na Ramadhani mnakimbia saa ngapi?

#9 Nesi wa Kata

Dada yangu, tafuteni wenzenu hata watatu. Mmoja akikimbia ni kichekesho, wanne ni kikundi, na kikundi watu wanakiogopa. Ndani vaa sidiria inayobana vizuri, hiyo ndiyo raba ya pili ya mwanamke, bila hiyo mgongo na mabega vitauma. Suruali ya kitambaa laini chini ya dira fupi inatosha kabisa. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu hutembea haraka saa moja kabla ya futari, ukimaliza maji yako mbele yako, au dakika thelathini baada ya tarawehe. Mbio kali mchana wa mfungo hapana.

#10 Bi Mkubwa wa Ujiji

Shukrani. Nina mawifi wawili wenye vitambi kunizidi, nawaburuza.

#11 Mleta uzi

Karibu sana shangazi, utatupita wote.

Sasa nije kwenye dumu, maana wengi mmenifuata faragha kuuliza kichwa cha uzi kina maana gani.

Mwezi wa kwanza mvua zilikuwa zimechachamaa, tope jekundu kila mahali, na mbio zikaanza kunichosha moyo. Sio mwili, moyo. Barabara ile ile, pole baba ile ile. Usiku mmoja kwenye simu nikaona video ya mbio za vikwazo huko nje. Wazungu wazima wanalipa hela watambae kwenye tope, wabebe magogo, wapande kamba, waruke ukuta, na mwisho wanavishwa medali wakiwa kama nguruwe pori. Nikacheka sana. Halafu nikanyamaza. Kwa sababu kila kilichokuwepo mle nilikifanya nikiwa na miaka kumi na tisa, na kila kilichotumika kinapatikana hapa bure. Tope? Tunalo kwa ziada. Makorongo? Kigoma nzima ni korongo. Milima haihesabiki. Magogo ya mchikichi yamelala kila shamba.

Nikaanza na dumu la lita ishirini. Likijaa ni kilo ishirini na plastiki yake. Kulibeba kwa mkono mmoja hatua mia, badilisha, hatua mia. Siku ya kwanza mfuniko ulikuwa mbovu nikarudi nyumbani suruali imelowa mbele na nyuma, na mke wangu hakuuliza kitu, alicheka tu mpaka akakaa chini. Baadaye kiroba cha mchanga begani. Baadaye kuning'inia kwenye tawi la mwembe. Jaribuni hiyo, ning'inia tu bila kujivuta. Mara ya kwanza nilihesabu sekunde sita nikadondoka kama embe lililooza. Sasa hivi nafika dakika moja.

Na hapo ndipo uzito ulipoanza kushuka kwa namna nyingine. Kuna mwezi mzani ulishuka kilo moja tu lakini mkanda ulirudi matundu mawili.

#12 Kuli Msomi

Nimesoma uzi wote nikiwa nasubiri boti Kibirizi. Samahani mleta uzi, lakini haya mambo ya kubeba dumu la maji bila kiu ya maji ni dharau. Mimi nashusha magunia hapa tangu niko kidato cha nne. Bibi yangu alibeba kuni kutoka msituni mpaka anazeeka, hakuna aliyempa medali. Mnachokiita mazoezi sisi tunakiita Jumanne.

#13 Kijana wa Katubuka

Kuli kapiga penyewe.

#14 Mwalimu Mstaafu, Tabora

Vijana, nawasoma kutoka Tabora, chini ya mwembe kama kawaida ya mji wetu. Kuli ana hoja, lakini vikwazo si jambo la wazungu pekee.

Kwenye riadha kuna mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mkimbiaji anaruka viunzi mara 28 na shimo la maji mara 7. Kiunzi cha wanaume kina urefu wa sentimita 91.4 na hakidondoki ukikigonga, kinakudondosha wewe. Katika mbio hizo Filbert Bayi alichukua medali ya fedha Moscow mwaka 1980, yule yule aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Suleiman Nyambui naye akachukua fedha ya mita 5,000 Olimpiki hiyo hiyo. Kwa hiyo tukisema Mtanzania na vikwazo, hatuanzi leo. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia pale Tokyo kwa kumpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa. Nilipiga kelele mpaka mjukuu akalia.

Hizo za tope zina historia yao. Uingereza walianza moja mwaka 1987 shambani karibu na Wolverhampton, iliitwa Tough Guy. Marekani mwaka 2010 zikaanza Tough Mudder na Spartan Race. Hiyo Spartan ilijulikana kwa adhabu: ukishindwa kikwazo, unachuchumaa, unajirusha chini kwenye pushapu, unainuka unaruka juu, mara thelathini. Na sasa hata Olimpiki imekubali. Katika michezo mitano ya pamoja wameondoa kupanda farasi baada ya Paris 2024, Los Angeles 2028 wataweka njia ya vikwazo.

Sisi wa Tabora mnatuzidi milima. Huku ni tambarare, mtu anaweza kukimbia saa nzima asipande hata kichuguu. Ila jua letu la mwezi wa kumi lenyewe ni kikwazo.

#15 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu. Nimejifunza.

Kuli, ndugu yangu, sina la kukubishia. Wewe unalipwa kwa ninachokitafuta. Mimi nililipwa kukaa, na kukaa ndiko kulikonifanya nishindwe jeneza. Ila nakualika. Tumeshakuwa wachache, tunataka tujipangie mbio zetu za vikwazo siku ya Sabasaba, ni kiangazi, njia kavu. Kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon ni zaidi ya kilomita 1,000 na mfuko hauruhusu. Njoo uone dharau kwa macho yako.

#16 Kuli Msomi

Kuna hela?

#17 Mleta uzi

Hakuna.

#18 Kuli Msomi

Nakuja kucheka.

#19 Mdau wa Gungu

Mleta uzi umesahau la muhimu. Ukikonda Kigoma watu wanasemaje?

#20 Mleta uzi

Ee bwana, umenikumbusha. Nilipofika 88 simu zikaanza. Mama mdogo kutoka Kasulu alipiga akauliza kwa mafumbo dakika ishirini kama nimepima. Nikamwambia nakimbia. Akasema, "Sawa mwanangu, hata marehemu mjomba wako alisema anafanya mazoezi." Kazini mmoja akaniletea dawa ya mitishamba kwenye chupa ya maji. Mke wangu ndiye aliumia zaidi, wenzake walimwambia hanilishi. Mtu akinenepa kwetu wanasema ndoa imekubali, akipungua kikao kinaitishwa. Suluhisho nililopata ni moja: nilienda kupima kila kitu, presha, sukari, na kile wanachokiogopa kukitaja, majibu yakawa mazuri, nikamtumia mama mdogo picha ya karatasi. Akajibu, "Mungu mkubwa. Sasa kula."

#21 Nesi wa Kata

Nimecheka ila ndiyo hali halisi. Na niongeze kuhusu hizo mbio za Sabasaba: tafadhali msiweke kikwazo cha ziwani. Najua Tanganyika inashawishi. Asiyejua kuogelea akiwa amechoka anazama kimya kimya, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Tope la nchi kavu linatosha.

#22 Mleta uzi

Umesikika. Ziwa tutalitazama tu.

#23 Mleta uzi

(Nimerudi. Samahani kwa kimya, miguu haikuniruhusu kukaa kwenye kiti siku mbili.)

Taarifa ya Sabasaba. Tulijitokeza kumi na wanne, wanawake watano. Bi Mkubwa alikuja na mawifi wote wawili wakiwa wamevaa madira ya rangi moja kama wanakwenda harusini. Njia ilikuwa kama kilomita tano. Kuanzia mchangani upande wa Kibirizi, kukimbia kwenye mchanga ambako kila hatua unaibiwa nusu. Hapo dumu la lita ishirini, mita kama mia mbili kwenda na kurudi. Kutambaa chini ya nyavu mbovu tulizoazima, ambazo zilinuka dagaa kiasi kwamba paka watatu walifuata mashindano mpaka mwisho. Kuvuka magogo mawili ya mchikichi. Kushuka na kupanda korongo. Tawi la mwembe sekunde thelathini. Halafu mlima, kumalizia juu. Ukishindwa kikwazo, pushapu kumi na tano. Thelathini za Marekani tuliziona ni ukatili.

Mimi nilianguka korongoni. Si kuteleza, kuanguka, kwa makalio, bukta ikachanika mpaka ile skintaiti ikaokoa heshima ya familia. Wifi mmoja wa Bi Mkubwa alishindwa mwembe akapiga pushapu kumi na tano za magoti huku anamtukana wifi yake. Kijana wa Katubuka aliyenionya nisiukimbie uzi kama jeneza alianza kwa kasi ya ajabu, kwenye mlima tukamkuta amekaa anaangalia mandhari.

Na Kuli. Kuli alikuja na kandambili, mikono mfukoni. Nikamwambia angalau abebe dumu. Alibeba mawili, moja kila mkono, na alikimbia nayo. Kwenye mwembe aliendelea kuning'inia baada ya muda kuisha, akiuliza kama kuna anayetaka kumtumia ujumbe. Alimaliza kwa dakika 33. Mimi dakika 51, wa tisa. Alipofika juu hakukaa hata dakika tano, alisema kuna boti inashusha saa nne, akateremka.

Uzito wangu asubuhi ile ulikuwa 83. Wiki iliyopita tulizika tena, safari hii Ujiji. Niliingia kubeba jeneza, nilitoka walipokuja kunipokea. Sina maneno mengi hapo.

#24 Kuli Msomi

Nathibitisha. Ila mlima ule uliniuma mapaja siku tatu, sikuwaambia. Gunia halinipandishi mlima. Nikija tena madumu yawe ya uzito wa maana, haya ni ya kubebwa na watoto. Na mnanidai soda.

#25 Mleta uzi

Soda hapana. Maji yapo.

#26 Bi Mkubwa wa Ujiji

Mimi 81 sasa. Wifi mkubwa haongei nami mpaka tupange nyingine.

#27 Mwalimu Mstaafu, Tabora

Naweza kuja na treni na vijana wanne. Wawili ni wanene wa kweli, si wa kuigiza. Mtatupa mwezi mmoja tujiandae na milima? Huku nitawapandisha ngazi za jengo lolote nitakaloruhusiwa.

#28 Mleta uzi

Mwezi mmoja mwalimu, tunawasubiri. Wapandishe ngazi wakiwa wanaweza kuongea. Wa hapa mjini, Jumamosi hii saa kumi na moja na nusu jioni tunakutana stesheni kwa mazoezi ya kawaida. Dakika moja kukimbia mbili kutembea kwa wageni, hakuna kuachwa.

#29 Mgeni wa uzi

Nina kilo 109, nimejisajili leo kwa ajili ya huu uzi. Jumamosi nipo. Dumu mnatoa au nije nalo?

#30 Mleta uzi

Njoo nalo. Kagua mfuniko.